Cheti kipo kabatini

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kambi za kuwafundisha watoto kompyuta wakati wa likizo ni mbwembwe za wazazi wenye hela. Kwa ada tunazotozwa, simbishii sana. Ila mwaka jana, likizo ya Juni, nilimpeleka binti yangu wa miaka 11 kwenye kambi moja hapa Dar, wiki mbili, na ninachokumbuka si cheti (kipo kabatini, bado kimo kwenye bahasha).

Siku ya tatu alirudi amenuna. Walipewa micro:bit, kale kabodi kadogo ka kompyuta ka kujifunzia kuandika programu, kenye taa 25 nyekundu. Alitaka iandike jina la bibi yake, yenyewe ikawa inarudia herufi ya kwanza tu. Usiku akakazana kuchora vishale kwenye daftari la hesabu. Asubuhi, tumebanana kwenye daladala, akanivuta shati: "Baba, nimeona! Nilikuwa naiambia irudi mwanzo kabla haijamaliza jina!" Mimi niliyefundishwa kompyuta ubaoni, mwalimu akichora kipanya kwa chaki, nikabaki natabasamu kama zuzu.

Kilichoniudhi ni watoto watatu kwa kompyuta moja, na kipanya muda wote kimeshikwa na wavulana. Tulilalamika, wakaweka zamu.

Kwa asiyeweza ada, Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu iliyobuniwa chuo cha MIT cha Marekani, ni bure, ina Kiswahili, na ukishaipakua haili bando. Binti sasa anawafundisha watoto wa jirani kwa laptopu yangu kuukuu iliyokufa betri. Umeme ukikatika, darasa limevunjika.