Kilomita chache si kinga kwa Ioniq 5

Kuna makala inasema eti ukiikuta Ioniq 5, gari la umeme la Hyundai, iliyotumika na ina kilomita chini ya 50,000, huna la kuhofia? Hapo imeteleza. Kinachosumbua zaidi kwenye gari hili si betri kubwa wala mota, ni ICCU, kifaa kinachochaji betri kubwa ukichomeka umeme wa nyumbani na kuilisha pia ile ndogo ya volti 12. Nacho hufa bila kujali odometa inasoma nini. Kikifa, betri ndogo inakauka, dashibodi inajaa maonyo, nguvu zinapungua na gari linakuachia njiani. Mwaka 2024 Hyundai iliyaita magari haya yarudi kurekebishwa mara mbili huko Marekani kwa kosa hilohilo, kwa hiyo mpe wakala wa Hyundai namba ya chesisi athibitishe kwamba programu ilisasishwa na fyuzi ya ICCU ikakaguliwa. Halafu shika multimita (kipima volti): pima vichwa vya betri ndogo gari likiwa limezimwa, kisha liwashe. Volti zinatakiwa zipande, kwa kawaida 13 hadi 14 na ushee. Zikiganda 12 na kuanza kushuka, mrudishie mwenyewe ufunguo wake. Lichomeke pia kwenye chaja ya kawaida kwa nusu saa. Muuzaji atapenda kukuonyesha chaja ya kasi (inapendeza, kweli), lakini umeme wake unaingia kwenye betri moja kwa moja, haupiti kwenye chaja ya ndani iliyomo kwenye ICCU, hivyo ubovu hautauona. Mliozitoa Japani zenye tundu la CHAdeMO (mfumo wa Kijapani wa chaja ya kasi), mnachajia wapi mkiwa safarini?