Kimondo hakijadondoka nyuma ya shule yenu

Wiki iliyopita usiku nimekaa kibarazani nasubiri umeme urudi, mara ukuta wa jirani ukawaka kijani na kivuli changu mwenyewe kikakimbia sakafuni, kuinua macho nakuta dude linachana anga, sekunde nne hivi, likakatika vipande viwili likazima. Kimya. Halafu mbwa wote wa mtaa.

Nikacheki saa, mbili na dakika kumi na nane. Nikasubiri mlio, wapi.

Kuingia kwenye grupu sasa, jamani! Mmoja anasema limedondoka nyuma ya shule, wa kata ya pili anaapa lipo bondeni kwao, wa tatu yupo wilaya nyingine kabisa naye kaliona "kwa macho yangu" likitua shambani kwa mjomba wake. Kumbe kimondo siku hizi ni bodaboda, kinashusha kila mtu mlangoni kwake.

Hili ndo linanitoa povu. Hicho kitu kinazima kikiwa bado juu kilomita 20, 30 huko, mawe yakibaki yanashuka gizani bila mwanga wowote, kwa hiyo uliloliona "linatua" lilikuwa linazama tu nyuma ya paa. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama digrii 10. Kama kilizimia ngumi moja tu juu ya upeo wa macho, kilikuwa zaidi ya kilomita 100 toka ulipo, yaani wewe upo Dar, chenyewe huenda kinakaribia Morogoro. Ndo maana shahidi mmoja hatoshi hata awe shehe, wanatakiwa watu wa sehemu tofauti, kila mmoja aseme alisimama wapi na kilizimia upande gani, mistari ikikatana ndo unajua pa kutafuta.

Halafu kuna aliyerusha klipu eti "tukio la jana". Ndugu yangu, barabarani kuna theluji! Hiyo ni Chelyabinsk, Urusi, 2013, ambako watu walikimbilia madirishani kushangaa mwanga, mshindo ukafika baadaye, vioo vikawakata, majeruhi zaidi ya 1,000. Ukiona mwanga mkali kaa mbali na dirisha, hilo halihitaji chuo.

Waliosema tuombe, sawa, ombeni, hata mimi astaghfirullah ilinitoka kabla sijacheki saa. Lakini Mbale, Uganda, 1992 mawe yalimwagika mchana kweupe, kipande kimoja kikapita kwenye mgomba kikamgonga mtoto kichwani, hakuumia, na watu wakaokota na kuonyesha yalikookotwa. Kile kimondo cha Mbozi chenye tani zake kibao hakuna anayejua kilidondoka lini.

Fomu ya kuripoti kimondo ulichokiona, ya American Meteor Society, chama cha Marekani cha kufuatilia vimondo, ipo mtandaoni bure. Rafiki yangu kajaza, saa kaandika 2:18, yaani kwa wazungu kimondo chetu kimepita wote tumelala.

Shahidi bora kabisa hayumo hata kwenye grupu, ni mzee anayelinda ghala huku kwetu. "Mwanangu, mi digrii sizijui, ila nilikuwa nimeegemea geti hapahapa, kikazimia kushoto kwa mnara wa simu." Kesho yake usiku nikaegemea geti lake, nikanyoosha mkono. Ngumi moja na nusu. Nikamjazia fomu yake, saa nikaandika 20:18.