Jicho lisilo na pazia

Binamu yangu alirukiwa na kipande cha chuma jichoni akiwa anakata bomba gereji, miwani ya kazi ilikuwa pale pale mezani hajaivaa. Jicho likashonwa, likapona, lenzi yake ya asili ikatolewa maana ilishaharibika, ila lile duara la kahawia, airisi yenyewe, lilikuwa limeshang'oka karibu lote. Ukimwangalia sasa unaona tundu kubwa jeusi basi. Watu wanamuuliza mbona jicho liko hivyo, wala hilo halimsumbui, kinachomtesa ni saa saba mchana. Kabla hajatoka dukani anasimama mlangoni, anashusha kofia mpaka kwenye nyusi, analiziba jicho kwa kiganja ndo anavuka barabara. Kwenye daladala siti ya upande wa jua hakai hata iwe ndo imebaki peke yake.

Sa mi nikiongelea airisi ya bandia watu wananijibu "aah hayo mambo ya urembo". Hapo ndo huwa nagombana na watu. Airisi ni pazia bana, jua likiwa kali linajivuta mboni inabaki kitundu, giza likiingia linafunguka. Ambaye hana, mwanga unamwingia wote kama ulivyo na vitu vinamng'aria mpaka haoni.

Ile ya kijerumani, CustomFlex ya HumanOptics, ndo ya kwanza kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba kule Marekani, Mei 2018. Ni kisahani cha silikoni chembamba kinachokunjika, daktari anakipitisha kwenye kitundu kidogo kikifika ndani kinafunguka, na rangi inafuata picha ya jicho lako lile zima. Walioangaliwa kwenye utafiti walikuwa 389, wakubwa na watoto, zaidi ya asilimia 70 wakasema mwanga umepunguza sana kuwaumiza, na asilimia 94 waliridhika na muonekano. Kwa hiyo hata huo urembo upo, sikatai, mtu kuacha kushangaliwa barabarani nalo si jambo dogo.

Ila msitoke hapa mkikimbia. Kwa waliozaliwa bila airisi, mara nyingi ni shida ya jeni inayoitwa PAX6, hata sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo vidogo huwa haijakomaa, hapo kisahani kitapunguza ukali wa mwanga lakini hakiwezi kumpa macho mapya, na presha ya macho inabidi iendelee kufuatiliwa miaka yote. Halafu hawakiweki kwenye jicho lenye lenzi yake ya asili nzima, hiyo ni ya ambao lenzi imeshatoka au inatolewa kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Wanaonikera ni wale wa kubadili rangi, jicho zima kabisa lina airisi yake halafu mtu anaenda kubandikiwa nyingine juu ya ile ya asili ili awe na macho ya bluu. Kimefanana kwa jina tu. Kile kinakwaruza airisi, kinapandisha presha, kioo cha mbele cha jicho kinaharibika, madaktari wamekuta watu wamepoteza uwezo wa kuona na wengine wameishia kuvitoa. Macho yako yanaona vizuri, unataka nini tena jamani?

Binamu nilimweleza yote akasikiliza, akauliza swali moja tu: usiku itafunguka? Nikamwambia hapana, tundu lake ni milimita 3.35 mchana na usiku, halisogei. Akacheka, "basi kofia ntaiweka pembeni, nitanunua tochi". Kwa sasa anavaa ile lenzi ya kuvaa iliyochorwa airisi, inamsaidia kiasi ila vumbi la gereji linamuudhi, na kliniki ijayo anataka wampime presha ya jicho kwanza ndo aulize hayo mengine.