Mshale wa Mafuta na Hajji wa Kiti cha Mbele

Katika gari langu kuna mshale ninaoutazama kuliko ninavyoutazama uso wa mke wangu, nao ni mshale wa mafuta. Nimezijua tabia zake zote: pua ya gari ikielekea mlimani unainuka kidogo, kama mgonjwa aliyesikia sauti ya mgeni mwenye kikapu, na pua ikielekea bondeni unalala kabisa. Ndiyo maana kila jioni nikirudi nyumbani Seeta hulilaza gari likiwa limetazama kilima, ili asubuhi nikiliwasha mshale unidanganye walau kwa dakika mbili kabla sijaifikia Barabara ya Jinja. Mama Swaumu aliwahi kuniuliza kwa nini gari letu linalala kichwa juu kama mtu mwenye kiungulia, nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ufundi.

Lita ya petroli imeshapita shilingi 5,000, nami ni mwalimu wa Kiswahili. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini bado sijaona kituo cha mafuta kinachopokea ngeli badala ya fedha. Kwa hiyo huingia kituoni kwa adabu, nikashusha kioo nusu na kumwambia dada wa pampu kwa sauti ya chini, "Weka ya elfu ishirini." Yeye huirudia kwa sauti ya mnadani, hata wenye magari makubwa walio nyuma yangu wakageuza shingo. Kisha tarakimu za shilingi hukimbia kama zinazofukuzwa na mbwa, ilhali zile za lita zinajikokota, na kabla hazijafika nne, pampu imekwishanyamaza na dada ananyoosha mkono.

Najua kwamba tuko mbali na bahari, kwamba petroli yetu hupitia Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kutufikia, na kwamba madereva wa malori wakigoma mpakani, kama walivyogoma Januari 2022 kwa sababu ya vipimo vya korona, lita moja inaweza kupanda hadi shilingi 10,000 katika baadhi ya sehemu. Najua pia kwamba mafuta yaligunduliwa kwetu, kando ya Ziwa Albert, mwaka 2006, na kwamba bomba lake la kilomita 1,443 linaelekea Tanga. Yaani ya kwetu yamepangiwa kutokea mlango mmoja kwenda pwani na ya kununua yanaingilia mlango mwingine kutoka pwani, kama mashemeji waliogombana wasiotaka kusalimiana. Mimi sina ugomvi na shemeji yeyote. Ninachotaka ni kufika Kampala na kurudi.

Hapo ndipo anapoingia Hajji, na ninaposema anaingia, nina maana anaingia garini. Hajji ni jirani yangu, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu namkuta langoni akiwa na mkoba wake, amekwishavaa sura ya mtu ambaye kiti cha mbele ni haki yake ya kuzaliwa. Tangu tuanze safari hizi hajawahi kutoa shilingi ya mafuta, lakini ushauri hutoa bila kupima. "Mwalimu," aliniambia siku moja huku akijifunga mkanda kwa shida, "gari lako linakunywa kwa sababu limebeba uzito usiohitajika." Nikamtazama. Naye akatazama nyuma, kwenye buti, na jioni ile nikatoa humo mikungu miwili ya matoke ya wakwe, dumu la maji na mitihani ya mwaka juzi. Uzito mwingine wote ulibaki kiti cha mbele.

Sitamnyima haki yake: katika suala la upepo wa matairi alisema kweli, kwa maana tairi laini huburutika na kuila injini. Kibandiko cha vipimo kilicho kwenye fremu ya mlango kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu hazina kabila; tukajaza, na gari likawa jepesi. Laiti angeishia hapo. Akaamuru kiyoyozi kizimwe, kisha vioo vifungwe, akidai kwamba upepo unaoingia dirishani unalivuta gari nyuma. Jambo hilo ni la kweli kwa mtu anayekimbia kilomita 100 kwa saa. Sisi tulikuwa Banda, kwenye foleni, tumekaa mahali pamoja tangu mwenye ndizi alipopita akienda hadi aliporudi akiwa amemaliza kuuza, na upepo pekee uliokuwamo ulikuwa pumzi ya Hajji, aliyekuwa amekula kitunguu. Gari lililowashwa huku limesimama linakwenda kilomita sifuri kwa kila lita, na hesabu hiyo haihitaji Hajji wala kitunguu.

Kilele kilikuwa mteremko wa barabara ya vumbi unaotoka kwetu kwenda sokoni. "Zima injini, Mwalimu, uteremke bure," alisema. Nikazima. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na breki, baada ya kuikanyaga mara mbili, ikagoma kuzama, tukateremka bure kwelikweli hadi tuliposimama hatua moja kutoka kwa kijana anayekaanga mayai ya chapati, ambaye alikuwa amekwishakimbia na kuacha kikaango. Ilinibidi ninunue mayai yaliyoungua. Mimi nililipa, Hajji akala.

Lakini kisa chenyewe kilichonimaliza ni cha ule mshale. Kwa miezi mingi taa nyekundu ya mafuta ilikuwa imewaka hata nikaiona kama pambo la dashibodi, na asubuhi moja gari lilikohoa mara tatu pale Kireka, likanyamaza. Fundi alikunja kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akanionyesha kidude cheusi kisichozidi kiganja changu. Alieleza kwamba pampu hiyo ya umeme hukaa ndani ya tangi, na kwamba petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Anayeendesha kila siku tangi likiwa tupu anaipika. Kuhusu kuteremka kwa gea huru alicheka kwanza, kisha akasema kwamba injini za siku hizi hukata mafuta zenyewe dereva anapoachia kanyagio akiwa ndani ya gea, bali akiitoa gea, injini hudai mafuta ya kuiweka hai. Nikamwuliza bei ya pampu. Shilingi 280,000, ufundi mbali. Nilihesabu kwa vidole: hizo ni safari kumi na nne za kunong'ona kwa dada wa kituo.

Siku iliyofuata nilitoka kwa miguu, gari likiwa limelala kwa fundi. Hajji alikuwa langoni na mkoba wake. Aliposikia habari alisikitika sana, hasa juu ya kiti cha mbele, kisha tukaenda pamoja kupanda taksi, na kwa kuwa konda alidai nauli kabla hatujakaa, na Hajji alikuwa anatafuta miwani yake, nililipia wawili. Yeye akapata nafasi karibu na dereva. Tulipoanza kushuka mteremko nilimwona akimwinamia kijana yule, akamgusa bega na kusema kwa upole, "Ssebo, hapa toa gea."