Mathari na daktari aliyesema hatusononeki

Nairobi, mtu akianza kutoa maneno yasiyoeleweka, wenzake humwambia anastahili kupelekwa Mathari. Tanzania watasema Mirembe. Hospitali hizi mbili za wagonjwa wa akili tumezijua kama matusi kabla ya kuzijua kama mahali pa matibabu. Kuna na kauli nyingine tunayoitoa kwa wepisi uleule: sonona ni ugonjwa wa wazungu. Kijana hali, halali, kazi imemshinda, amejifungia chumbani wiki ya tatu, na katika kikao cha ukoo mzee mmoja anauliza, tangu lini Mwafrika akaugua mawazo?

Swali hilo lina umri. Miaka zaidi ya sabini iliyopita lilijibiwa kwa maandishi na mtu aliyekuwa na funguo za Mathari mkononi, na jibu lake lilifanana mno na la yule mzee.

John Colin Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari Uingereza, akaingia Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali. Mwaka 1938 alikabidhiwa Mathari ingawa hakuwa amesomea tiba ya akili. Stashahada ya fani hiyo aliipata London mwaka 1946, baada ya miaka minane ya kuendesha hospitali nzima. Mwaka 1947 alichapisha utafiti uliotokana na wagonjwa wa Mathari. Mwaka 1951 akaandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana sana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji wa lobotomia. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Huyu hakuwa mlowezi mlevi akibwata kwenye baa ya Nanyuki. Huyu ndiye aliyeandika kile ambacho ulimwengu wa tiba ulikisoma kama elimu.

Hesabu yake ya mwaka 1947 ndiyo inayonivuta zaidi. Alikadiria kwamba katika kila Waafrika 100,000 wa Kenya, ni 3.4 tu waliolazwa kwa wazimu kwa mwaka. Uingereza na Wales walikuwa 57. Watu weusi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walikuwa 161. Akahitimisha kwamba maisha ya kijijini yanamkinga Mwafrika: mila humwamulia kila jambo, hana wajibu wa peke yake, kwa hiyo hajilaumu, na asiyejilaumu hasononeki. Sonona ile nzito, ya mtu kujiona hana thamani, kwake ilikuwa karibu haipo.

Carothers aliishi Kenya miaka 21. Katika miaka hiyo yote, jikoni, gereji, gerezani na wodini, watu walikuwa wakizungumza lugha yenye huzuni, simanzi, majonzi, jitimai na kihoro. Kihoro ni lile pigo la kufiwa au kupoteza ambalo Waswahili husema linaweza kumwua mtu. Mtu akikonda bila homa, jirani husema ana mawazo. Hakuna mtu anayetunga maneno mengi hivyo kwa ajili ya kitu asichokijua. Daktari alikuwa na masikio, ila alichokisikia hakikuhesabika.

Wanaoishitaki tiba ya akili ya kikoloni wana ushahidi mwingi, na wa kwanza ni jengo lenyewe. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya Nairobi, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Nafasi zilikuwa kumi: nane za Waafrika, mbili za Wazungu. Ilipokua, ubaguzi ulikua nayo. Wazungu, Wahindi na Waafrika hawakulazwa pamoja wala hawakutunzwa sawa. Mtangulizi wa Carothers, Dakta H. L. Gordon, alijishughulisha na kupima mafuvu ili aonyeshe kwamba Mwafrika ana ubongo mdogo. Mwanapatholojia F. W. Vint akapima ubongo wa maiti, na mwaka 1934 akatangaza kwamba tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la Mzungu. Mwaka 1933 walowezi walikuwa tayari wameunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari. Mwaka huo Hitler alishika madaraka Ujerumani. Mawazo ya namna hii hayakuhitaji pasipoti.

Kisha kuna Elijah Masinde. Mwanasoka wa zamani, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa huko Bungoma, aliyehubiri kwamba wazungu waondoke na watu warudi kwa mizimu yao. Mwaka 1945, baada ya vurugu zake na watumishi wa serikali, hakuishia jela. Alipelekwa Mathari, akakaa hadi mwaka 1947. Serikali ikimfunga mpinzani inakiri kwamba ana hoja inayoogopesha. Ikimlaza, hoja yenyewe inageuka kuwa dalili ya ugonjwa.

Hilo lilifanyiwa kabila zima muda mfupi baadaye. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto, serikali ya Kenya ilimwita tena Carothers, ambaye alikuwa ameshaondoka Mathari mwaka 1950, achunguze kiini cha uasi. Ripoti yake ya mwaka 1954 iliwaeleza Wakikuyu kama watu waliong'olewa kwenye mila na hawajafika kwenye ustaarabu, wakabaki na wasiwasi unaolipuka kuwa ukatili. Suala la ardhi iliyochukuliwa lilisukumwa pembeni. Aliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, na vijiji hivyo, vyenye nyaya, mahandaki na amri ya kutotoka nje, viliwameza watu zaidi ya milioni.

Kwa ushahidi huo, kesi inaonekana imekwisha. Lakini wapo wanahistoria wanaosema tusiharakishe, na hoja zao si za kupuuzwa. Megan Vaughan, aliyechunguza kumbukumbu za nyumba ya wendawazimu ya Zomba huko Malawi, anaonyesha kwamba Afrika ya kikoloni haikuwahi kuwafungia watu kwa wingi kama Ulaya ilivyofanya. Serikali hazikuwa na fedha wala hamu hiyo. Sensa ya mwaka 1948 iliikuta Kenya na watu zaidi ya milioni tano, ilhali Mathari ilikuwa na vitanda vya mamia machache. Mtawala anayetaka kuwatisha watu ana jela, kiboko, kipande (kitambulisho cha lazima cha Mwafrika) na kazi ya lazima. Hospitali ya wazimu ingemfaa nini?

Tena, wengi waliofika hapo walikuwa wagonjwa kweli. Kaswende iliyopanda kichwani, malale, kifafa, utapiamlo unaoharibu akili: hayo si maneno ya siasa. Baadhi waliletwa na polisi baada ya kuua au kuchoma nyumba, na wengine walifikishwa kwa machifu na jamaa zao wenyewe, waliokuwa wamemaliza waganga na kamba. Anayedai kila aliyeingia Mathari alikuwa Masinde anawafuta kwa mara ya pili watu waliokuwa wakiumwa.

Na Carothers mwenyewe? Watetezi wake husema alikuwa hatua mbele ya Gordon. Hakutegemea fuvu, alitegemea malezi na mazingira. Ile takwimu ya Massachusetts aliitumia hasa kuonyesha kwamba rangi peke yake haielezi kitu, maana watu wa asili moja walikuwa na viwango vinavyopishana mno. Alitambua kwamba Waafrika wanaofanya kazi mbali na makwao walilazwa zaidi kuliko waliobaki nyumbani. Na hata Gordon na wenzake, walipoiomba London fedha za utafiti mkubwa wa ubongo wa Mwafrika, walinyimwa. Dola haikuwa na kauli moja.

Nakubali karibu yote hayo, na bado siupokei utetezi. Hoja ya Vaughan kwamba vitanda vilikuwa vichache ni kweli, lakini uchache wenyewe unahitaji maelezo, na nadharia ya Carothers iliyatoa maelezo hayo bure. Ikiwa Mwafrika haugui sana, na akiugua hasononeki, kwa nini umjengee wodi? Kwa nini umfundishe muuguzi kumsikiliza? Aliyelazwa kwa nguvu tunamkumbuka kwa sababu ana faili. Mama aliyekaa miaka sita bila kuinua uso, kwenye kona ya nyumba huko Murang'a au Kakamega, hana faili lolote, na ndiye aliyeumizwa na nadharia hii kwa muda mrefu zaidi. Kuhusu kuacha fuvu na kushika mila, sioni kama ni maendeleo makubwa. Mtu aliyeambiwa hana dhamiri kwa sababu ya kabila lake hajapata nafuu kwa kuwa hakuambiwa ni kwa sababu ya mfupa.

Na kosa la hesabu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuliona. Mathari haikupokea wagonjwa wa akili wa Kenya; ilipokea wale walioshindikana. Mwenye wazimu wa kupiga watu huletwa. Mwenye sonona hampigi mtu, hukaa kimya, na aliyekaa kimya nyumbani hakuhesabiwa popote. Carothers aliijua kasoro hii kwa kiasi, akaitaja, kisha akaendelea kana kwamba hakuitaja.

Marekani walishafanya kosa lililo kinyume chake karne moja nyuma. Sensa ya mwaka 1840 ilidai kwamba kati ya watu weusi wa Kaskazini, waliokuwa huru, mmoja katika 162 alikuwa mwendawazimu, na Kusini, kwenye utumwa, mmoja katika 1,558. Wanasiasa wa Kusini, John Calhoun mbele yao, walishangilia: uhuru unawatia wazimu. Daktari Edward Jarvis alipochambua madaftari akakuta miji iliyoandikiwa vichaa weusi ilhali haina mtu mweusi hata mmoja. Huko Worcester, wagonjwa 133 wa hospitali, wote wazungu, walikuwa wameandikwa weusi. Sensa haikusahihishwa. Marekani takwimu zilipanda, Kenya zikashuka, na shauri likabaki moja: mwacheni alipo.

Waliokwenda kutazama mahali pengine waliona mengine. Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyerudi shule kusomea tiba ya akili, alikaa kwenye mahekalu ya mashambani Ghana katika miaka ya 1950, akawakuta wanawake wanaokuja kukiri kwamba wao ni wachawi, wameua watoto wao, hawastahili kuishi. Ile hali ya kujilaumu iliyosemwa haipo ilikuwa imepanga foleni mlangoni kwa mganga. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha ulinganisho wa wanawake wa vijiji viwili vya Uganda na wale wa Camberwell, London. Sonona ilikuwa zaidi Uganda, na kali zaidi. Nchini Nigeria, daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo, aliyewapangia wagonjwa wa hospitali ya Aro vyumba katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao kuanzia mwaka 1954, aliziita nadharia za aina ya Carothers simulizi tupu zilizovikwa joho la sayansi. Frantz Fanon, daktari wa akili na mpinzani wa ukoloni, naye alimjibu Carothers mwaka 1961, kwa ukali uliomfanya akumbukwe leo zaidi kwa kuchambuliwa kuliko kwa kusomwa.

Ila Fanon ana kisa kingine ninachokipenda kuliko hasira yake. Alipofika hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953, alianzisha mikutano, sherehe na gazeti la wagonjwa kama alivyofundishwa Ufaransa. Wodi ya wanawake wa Kizungu ilichangamka. Wodi ya wanaume Waislamu ilinuna. Shule ya tiba ya Algiers, yaani madaktari wa akili wa kikoloni wa huko, ingesema hawa ndivyo walivyo. Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay waliandika kwamba waliokosea ni wao, kisha wakafungua mkahawa wa kienyeji, wakaleta msimulizi wa hadithi, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu. Wagonjwa wakaanza kuzungumza. Carothers alikuwa na wagonjwa wa namna hiyohiyo. Kimya chao alikichukua kuwa tabia ya mbari.

Hapa ndipo lawama inapogeuka na kututazama. Sheria ya matibabu ya akili ya mwaka 1949, iliyotungwa enzi za Carothers, haikufutwa uhuru ulipokuja mwaka 1963. Kenya iliendelea nayo hadi Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989. Masinde naye alifungwa tena na serikali ya Waafrika, zaidi ya mara moja. Wakubwa wapya walihamia kwenye ofisi za wakubwa wa zamani, na wodi za Waafrika zikabaki zikitunzwa kama wodi za Waafrika, safari hii bila mzungu wa kulaumiwa.

Kwa hiyo yule mzee wa kikao cha ukoo simcheki. Hajawahi kulisikia jina la Carothers, na pengine ana sababu zake: aibu, umaskini, kumbukumbu ya jirani aliyepelekwa Mathari na hakurudi alivyokwenda. Anadhani anatetea mila dhidi ya uzungu. Nikipata nafasi katika kikao kijacho nitamwomba anieleze maana ya kihoro, maana Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, kisha nimwombe twende tukagonge mlango wa kijana.