Mafuta ya seli na kalsiamu, nani anaanza?

Seli zetu zinabana kalsiamu kweli kweli. Nje ya seli iko nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani, na nyingine imefungiwa stoo humohumo ndani, sasa homoni ikigonga mlango hiyo kalsiamu inafumuka na kazi inaanza, tezi inatoa mate, msuli unakaza. Watu wamebishana miaka: nani anaifungulia, mafuta ya utando unaoizunguka seli, au kalsiamu ndo inayoyasukuma mafuta hayo?

Mwaka 1953 watafiti Mabel na Lowell Hokin walivipa vipande vya kongosho la njiwa asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuiamsha tezi, wakaona mafuta ya utando wa seli yanatengenezwa upya kwa kasi. 1975 mtafiti Robert Michell akasema mafuta hayo yanavunjika kwanza ndo kalsiamu inafuata. Wapinzani wakasema hapana, kalsiamu ikipanda ndo inaamsha kimeng'enya kinachokata mafuta, kwa hiyo mnachokiona ni matokeo tu. Na walikuwa na hoja, maana zipo seli ukiziongezea kalsiamu mafuta yanakatika kweli.

Ushahidi ulionikaa mimi ni wa nzi. Michael Berridge, mzaliwa wa Zimbabwe aliyefanyia kazi Cambridge, pamoja na John Fain walichosha tezi za mate za nzi kwa serotonini, kemikali inayoziamsha tezi hizo, mpaka mafuta yale yakapungua na kalsiamu ikagoma kupita, afu wakazipa inositoli, malighafi ya mafuta hayo, zikaanza kuitikia tena. Kama mafuta yangekuwa yanafuata tu nyuma, kuyarudisha kusingeamsha kitu! 1983 Berridge, Streb, Irvine na Schulz wakatoboa utando wa seli za kongosho la panya wakaweka IP3, kipande kinachopatikana mafuta yakikatwa, na kalsiamu ikamwagika kutoka stoo.

Ila wapinzani hawakukosea kote. Fosfolipesi C, kile kimeng'enya kinachokata mafuta, aina yake ya delta inaamshwa na kalsiamu yenyewe, na mlango wa stoo unaofunguliwa na IP3 unataka kalsiamu kidogo ili ufunguke, ikizidi unajifunga. Kipande cha pili cha mafuta yaliyokatwa, diasiligliseroli, kinabaki kwenye utando na chenyewe kinafungua milango ya utando iitwayo TRPC kalsiamu iingie kutoka nje.

Kwa hiyo mi nasema mafuta ndo yanaanza, afu sekunde chache tu kalsiamu nayo inarudi kuyaathiri. Ndo maana nakataa ule mchoro wa mshale mmoja kutoka mafuta kwenda kalsiamu, kwa huo hutaelewa kwa nini kalsiamu kwenye seli inapanda na kushuka kama mawimbi badala ya kupanda ikatulia.