Setilaiti zilizoruhusiwa kugonga ukuta

Roketi ikiruka, watu hushangilia moto na moshi. Mimi moyo wangu uko kwa mipira mitatu, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, mmoja wa rangi ya chungwa, iliyoanza kuelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2006. Ni setilaiti ndogo za kujaribia programu za kuruka kwa pamoja. Mradi uliitwa SPHERES, na ulianza kama kazi ya darasani kwa wanafunzi wa Profesa David Miller pale MIT, chuo kikuu cha Marekani.

Kila mpira ulikuwa na ukubwa wa boga dogo na uzito wa kilo 4 hivi. Ndani mna betri za rimoti na mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ya povu la soda, inayotokea kwenye vitundu 12. Pssi upande huu, mpira unasogea upande ule.

Duniani utaujaribia wapi? Juu ya meza laini unateleza tu, hauinuki. Ndani ya ndege ya KC-135 inayopanda na kuporomoka unapata sekunde 20 hivi za kuelea, na ndege yenyewe inayumba. Mpira haujajua mwenzake yuko wapi, ukuta umeshafika.

Kituoni, mwanaanga wa fulana na soksi anauachia polepole hewani, anarudi nyuma, anatazama. Ukipotea njia anaudaka. Wahandisi wanarekebisha programu, wanaituma tena juu.

Wapo wanaobisha kwamba ile si anga halisi. Mipira ilijua ilipo kwa kusikiliza spika ndogo za ukutani, mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, na huko nje hakuna hewa ya kupitisha sauti. Kweli kabisa. Lakini kilichopimwa hasa si masikio, ni akili: nani asogee, nani asubiri, mmoja akiharibikiwa wenzake wafanyeje bila kumaliza gesi. Nje, kukosea hapo ni kupoteza setilaiti nzima. Fikiria Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2024: setilaiti mbili zikiruka pamoja, zikiachana mita 150, moja ikimzibia mwenzake jua, kwa usahihi wa milimita. Hapo hakuna mkono wa kudaka.

Ndani ya kituo, hata wanafunzi wa sekondari waliiandikia mipira ile programu kwenye mashindano ya Zero Robotics. Chombo cha nje nani angewapa?

Mwaka 2019 walifika warithi, Astrobee: masanduku yenye feni, yanayokwenda kujichaji yenyewe, bila mitungi ya kubadilisha. Nafuu kubwa kwa wanaanga, ingawa kwangu feni iko mbali zaidi na setilaiti kuliko ile pssi.